Matangazo ya Vifo Baada ya Machweo

Chupa ya kahawa ilikuwa ya Hobart. Aliiacha mezani studio, kando ya rundo la santuri, na jua lilikuwa limeanza kuteremka mlimani alipopiga simu kutoka kwenye kibanda cha mtambo.

"Delphia, dada'angu, nitagandia huku juu. Niletee basi kahawa yangu."

Delphia Stidham alikuwa bado studio. Alikuwa amesimama na koti mkononi, macho yamemvimba kwa kilio alichokuwa amekimeza tangu mchana.

"Najua nimekuangusha leo," Hobart akaendelea, taratibu. "Njoo nikueleze. Mambo haya hayasemeki kwenye simu."

Angekuwa mtu mwingine, angemkatia simu. Lakini huyu alikuwa Hobart Fugate, fundi mitambo, mtu aliyemfundisha kushika kipaza sauti siku zile Delphia alipokuwa bado binti wa kufagia ofisi. Alimpokea kazini. Alisimama upande wake alipozika wazazi. Delphia akavaa koti, akachukua chupa, akaenda kuwasha pikapu.

Ilikuwa redio ndogo ya mji wa Tolliver, kwenye milima ya makaa ya mawe ya Kentucky, miaka ile ambapo kila jiko lilikuwa na redio juu ya jokofu. Walipiga muziki wa kantri, magitaa na fidla na waimbaji wanaolilia wapenzi waliowaacha. Walitangaza nani anauza ndama na nani kapotelewa na mbwa. Mchana, Delphia alisoma matangazo ya vifo. Kibali chao kilikuwa cha kutangaza mchana tu. Jua likizama Hobart alizima mtambo kule kilimani, na redio ikakaa kimya mpaka alfajiri.

Ndivyo ilivyopaswa kuwa.

Siku ile ilikuwa imeharibika tangu asubuhi. Sindano ya santuri iliruka kila wimbo. Mwenye duka la viatu alipiga simu kulalamika kwamba tangazo lake limesomwa kama hukumu ya kunyongwa. Hayo Delphia alikuwa ameyazoea. Kisha, katika kipindi cha salamu, akapiga Bibi Icie Caudill.

"Wewe Delphia," bibi akasema, hewani, wilaya nzima ikisikia. "Mimi nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu, bibi. Kuna nini tena?"

"Jana jioni umenitangaza. Umesema Icie Caudill amefariki dunia, maziko Jumapili. Na mimi nimekaa hapa nakula maharage yangu, mzima! Kijiko kilinidondoka."

Delphia akacheka kidogo, kile kicheko cha kazini. "Bibi yangu, jioni huwa tumefunga. Labda ulisinzia."

"Nisinzie na kijiko mdomoni? Sauti yako mimi siijui? Nimekusikiliza tangu hujui kutamka majina ya watu." Ukasikika mkwaruzo wa kiti. Aliporudi kwenye simu sauti ilikuwa imeshuka, kama anayemwambia mtu mmoja tu. "Kilichonitia hofu ni kwamba nilikuitikia. Uliniita vizuri mno... nikasema, 'Abee, mwanangu.'"

Delphia akaweka wimbo haraka.

Wimbo haujaisha, mlango wa studio ukafunguliwa. Aliingia Virgil Noble, mchimba makaa, viatu vyake vimejaa udongo mbichi. Hakuvua kofia.

"Ulijuaje?" akauliza.

"Nilijua nini, Virgil?"

"Juzi jioni ulisoma jina la mke wangu. Alikuwa anaosha vyombo. Akaigeukia redio akasema, 'Naam?' Kama mtu aliyeitwa mlangoni. Tukacheka, tukasema Delphia leo kalewa. Asubuhi nikamgusa bega..." Akauangalia udongo wa viatu vyake. "Nimetoka kumzika sasa hivi. Ulijuaje, Delphia?"

Upande wa pili wa kioo, Hobart alikuwa amesikia kila neno. Na Bwana Renner, mwenye redio, alikuwa ameshafika mlangoni, uso umemwiva.

Delphia akamgeukia rafiki yake. "Hobart, mwambie. Mwambie kwamba jua likizama hatuko hewani."

Hobart akainamisha kichwa. Akashika kitambaa, akaanza kufuta meza ambayo haikuwa na vumbi.

"Mimi nikishazima nateremka kwenda kwangu," akasema. "Baada ya hapo sijui. Ufunguo wa kibanda hata Delphia anao."

Hakumtazama usoni.

Delphia alihisi kama mtu aliyeegemea ukuta, ukuta ukasogea. Ni kweli ufunguo alikuwa nao. Hobart mwenyewe ndiye aliyempa, kwa ajili ya dharura. Hakuwahi kuutumia hata mara moja, na Hobart alilijua hilo kuliko mtu yeyote duniani.

"Kapumzike nyumbani," Bwana Renner akasema. "Usije mpaka nikuite. Watu wa huduma za mazishi wanataka kuondoa tangazo lao kwa ajili yako."

"Kwa ajili yangu? Bwana Renner, nimefanya nini?"

"Ndicho ninachotaka kujua na mimi."

Alikuwa bado anakusanya vitu vyake alasiri simu ilipolia. Aliipokea kwa mazoea, akashika kalamu kwa mazoea. Lilikuwa tangazo la kifo. Bibi Icie Caudill amekutwa mezani, kichwa kimelalia sahani.

Basi hayo ndiyo yaliyokuwa yakimzunguka Delphia wakati pikapu inapanda barabara ya changarawe kuelekea kilimani. Miti ilikuwa imepukutisha majani yote. Anga ilikuwa na wekundu hafifu upande mmoja tu, kama kaa linalokaribia kuzimika. Redio ya gari ilikuwa ikicheza wimbo wa kufungia, fidla peke yake. Jua likamalizika nyuma ya mlima, fidla ikakatika. Ukabaki mkwaruzo mtupu.

Shhhhh...

Alinyoosha mkono kuizima.

"Tunasikitika kutangaza..."

Delphia akakanyaga breki. Gari likaserereka likasimama katikati ya njia.

Ilikuwa sauti yake.

Haikuwa ya kufanana. Ilikuwa yake. Ule mkwaruzo mdogo wa kooni. Ile pumzi anayovuta kabla ya kutaja jina la marehemu. Hata ule utamu wa huruma aliouzoea, ambao yeye mwenyewe hakujua kama bado ni wa kweli.

"Tunasikitika kutangaza kifo cha..."

Kimya. Kama msomaji anayetafuta mstari.

Delphia akageuza kitufe. Tk. Taa ya redio ikazimika.

"Subirini kidogo," sauti ikasema ndani ya redio iliyozimwa. "Yuko njiani."

Mtu mwenye akili timamu angegeuza gari. Delphia mwenyewe alisema hivyo baadaye. Lakini ile sauti ilikuwa imewaua watu kwa kinywa chake, na kule juu alikuwa Hobart, na Hobart alikuwa amesema atamweleza. Akaweka gia, akapanda.

Mlangoni mwa kibanda harufu ilimpokea kabla ya mtu. Nywele zilizoungua... na makaa yaliyolowa maji. Hobart alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao, ameupa mtambo mgongo. Delphia aliweka kiganja kwenye kabati la mtambo kwa mazoea. Likiwa hewani huwa na joto kama mgongo wa ng'ombe.

Lilikuwa baridi. Taa zote zimezimwa. Hakukuwa na kitu kilichokuwa kinarushwa.

Na spika ya ukutani ilikuwa inapumua.

"Funga mlango," Hobart akanong'ona.

"Hobart, nani huyo?"

"Punguza sauti. Anasikiliza."

Macho yalipozoea kiza, Delphia akaona nguzo ya mbao kwenye kona. Mtu alikuwa ameitoboa kwa keekee, usawa wa kichwa cha mwanamke, akaliziba tundu kwa kigingi. Pembeni mwa kigingi zilichomoza nywele, nyekundu zilizochanganyika na mvi, zimefungwa kwa kipande cha kanda ya kurekodia.

Akajishika kichwa. "Zile ni nywele zangu."

"Ulikuwa unaacha kitana chako studio."

Alilisema hivyo tu, kama mtu anayetaja alikopata kalamu. Na hapo ndipo Delphia alipogundua jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yake tangu masika. Kabla ya redio, Hobart alikuwa mchimba makaa, na vumbi la mgodini lilikuwa limemla mapafu. Mwaka uliopita alikuwa hapandi ngazi za ofisi bila kusimama na kukohoa. Sasa alikuwa anapanda kilima hiki kila jioni akipiga mluzi, na watu wakisema ni maombi ya mke wake.

Katika kibanda kile kimya, kifua cha Hobart hakikuwa na hata mkwaruzo mmoja.

"Daktari aliniambia sitaona maua yakichanua," Hobart akasema. "Ningefanyaje? Nikaenda kwa yule mwanamke wa bonde la nyuma, yule ambaye watu hawanunui maziwa yake kwa kuogopa uchawi. Akaniambia kuna kitu hupita huku kilimani jua likizama. Kinatafuta pumzi za watu. Kikipata, kinaweza kumgawia mtu. Shida yake ni moja... hakina sauti. Kinaita, lakini hakuna anayekiitikia."

"Ukakipa yangu."

"Akaniuliza, unamjua mtu ambaye akiita, kila mtu ataitika?" Hobart akatabasamu kidogo, na lile tabasamu lilikuwa baya kuliko harufu. "Ningemtaja nani, Delphia? Hakuna sauti inayopendwa kama yako. Mimi ndiye niliyeitengeneza."

"Bibi Icie alikuwa anakuletea jemu ya zabibu kila Krismasi!"

"Shh! Nimekulinda wewe, unafikiri sikukulinda? Kila mara kilipotaka jina lako nilikipa lingine. Mke wa Virgil, yule bibi... wote wale wamekwenda kwa ajili yako."

"Usinitwishe maiti zako."

Spika ikavuta pumzi ndefu. Hobart akaruka kidogo kitini.

"Sasa hakitaki tena majina ya kubadilisha," akasema haraka. "Kinamtaka mwenye sauti. Haiumi, dada'angu. Unaitika tu. Wote hawakusikia hata maumivu."

Delphia alitazama chupa ya kahawa aliyokuwa ameikumbatia njia nzima isipoe.

"Hii hukuisahau," akasema.

Hobart akasogea kuelekea mlangoni.

Machozi aliyoyameza tangu mchana yalikuja yote kwa pamoja, bila sauti. Hayakuwa ya hofu. Alilia kwa sababu alikumbuka kwamba, kabla ya kutoka studio, alikuwa ameongeza sukari kwenye ile kahawa, maana Hobart aliipenda tamu.

"Delphia..."

Ilitoka ukutani. Sauti yake mwenyewe ikimwita.

Jibu likampanda kooni kama chafya. Hakuwahi kujua kwamba anaweza kuita hivyo. Mtu aliyeitwa kwa sauti ile alijiona amekumbukwa, ametafutwa kila mahali, na hatimaye amepatikana. Akauma kola ya koti mpaka meno yakagusana.

"Delphia Stidham..."

Hobart alikuwa amesimama, ameziba mlango kwa mgongo wake. "Itika," akanong'ona. "Itika, tumalize."

Taya zilianza kumfunguka zenyewe. Alirudi nyuma, kiwiko kikagonga meza, na mkono ukaangukia kipaza sauti kidogo cha kujaribia mtambo. Ulikishika bila kuambiwa. Kidole kikabonyeza.

Sasa, kila asubuhi ya miaka yote ile, kabla ya salamu na kabla ya wimbo wa kwanza, Delphia alikuwa akimwangalia Hobart kupitia kioo cha studio na kumuuliza swali lilelile kujua kama wako hewani. Ilikuwa lazima aseme kitu. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Badala yake alitanguliza lile swali la kila asubuhi.

"Hobart, nasikika?"

Na Hobart, kwa mazoea ya miaka yote ile, akajibu.

"Unasikika, Delphia."

Kimya.

Spika ikashusha pumzi, polepole, kama mtu aliyeshiba.

Walitazamana. Hobart alielewa kwanza. Akaweka kiganja kifuani. Ndani mle kitu kikaanza kupiga mluzi... mwembamba... kisha kukwaruza, kama koleo kwenye changarawe. Akaporomoka, akafungua mdomo kuvuta hewa, na midomo ilikuwa myeusi. Alimwinulia mkono. Aliyemwinulia mkono hakuwa mchawi wala muuaji. Alikuwa yule yule Hobart, anayetaka ashikwe.

Delphia hakumshika. Alimruka akafungua mlango akakimbia.

Daktari wa wilaya alisema ni vumbi la mgodini, na akashangaa kwamba mtu yule aliweza kuishi muda wote ule. Sherifu alikuta kibandani boksi la kanda, zote za Delphia, zimekatwa na kuungwa upya: miaka na miaka ya matangazo ya vifo, majina ya karibu kila ukoo wa milima ile. Basi Bwana Renner akapata jibu lake. Hobart alichanganyikiwa kwa ugonjwa, akawa anarusha kanda usiku kuwatisha watu, na waliokufa walikuwa wazee au wagonjwa, saa yao ilikuwa imefika. Alikuja mwenyewe kumwomba Delphia radhi, kofia mkononi.

"Sauti yako ndiyo redio yetu," akamwambia. "Rudi kazini."

Delphia alitikisa kichwa. Alimwuliza sherifu jambo moja tu: kanda zilikuwa zinachezwa na mashine gani? Sherifu akajikuna shingo. Mashine ilikuwepo, akasema, lakini waya wake wa umeme ulikuwa umetafunwa na panya zamani sana, na buibui walikuwa wamejenga ndani. Labda alikuwa na nyingine. Na nguzo yenye nywele? Nguzo waliiona. Ina tundu. Ndani ya tundu hamkuwa na kitu.

Siku ya kumuaga Hobart, nyumba yake ilijaa watu na masufuria ya kuku na mikate ya mahindi. Delphia aliingia kwa mlango wa nyuma. Hakutaka kwenda, lakini kutokwenda kungemlazimu kueleza sababu, na hakuna ambaye angemwamini. Tangu kilimani alikuwa hajasema zaidi ya maneno machache. Kila akifungua kinywa alihisi kama anavaa nguo ya mtu mwingine.

Nola, mjane wa Hobart, alimkuta jikoni akamkumbatia kwa nguvu.

"Ahsante, mdogo wangu," akamwambia sikioni. "Umemtangaza kwa heshima."

Delphia akajitoa taratibu mikononi mwake. "Nani?"

"Hobart. Jana jioni. Nilikuwa peke yangu hapa hapa. Ulisema amefariki akiwa na rafiki yake mpenzi, aliyemfahamu kuliko wote. Nililia mpaka nikasikia nafuu."

"Nola, mimi sijakanyaga redioni."

Nola akampapasa shavu kama anavyofanyiwa mtoto anayekataa sifa. "Hata mimi sikujua kama una maneno matamu namna ile. Halafu ukaniita na mimi. Ukakaa kimya unanisubiri, kama uko hapo nje ya dirisha."

Chumba cha pili watu walikuwa wameanza wimbo wa kanisani. Delphia alimshika Nola mabega. Alitaka kuuliza, akaogopa kuuliza kwa sauti ile. Akanong'ona.

"Ukaitika?"

Nola alimtazama kwa mshangao, macho yake mekundu yamejaa upendo.

"Sasa Delphia, uniite wewe, nisiitike?"